TY175 imelala stoo Magomeni miaka 14, kiki ina uzito lakini haiwaki: naomba msaada wa kweli

Mpanda Kokoto (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Nina Yamaha TY175, zile pikipiki za miaka ya 1970 za mashindano ya traiali. Kwa asiyezijua: haya si mashindano ya mbio. Unapita juu ya mawe, magogo na makorongo taratibu, umesimama kwenye pedali, na kila ukigusa chini kwa mguu unahesabiwa. Mguu mara moja, pointi 1. Mara mbili, pointi 2. Ukishindwa kipengele, unapewa 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Ndiyo maana kiti ni kidogo na kimekaa chini, na injini imetengenezwa kuvuta kuanzia mwendo wa konokono. Mick Andrews, Mwingereza aliyesaidia Yamaha kuzitengeneza hizi TY, alishinda Scottish Six Days, mashindano makubwa ya traiali kule Scotland, mwaka 1974 na 1975 akiwa juu ya Yamaha.

Hii ilikuwa ya marehemu mjomba. Aliipata kwa mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, akawa anapanda nayo vilima vya Pugu Jumapili baada ya ibada. Alipoanza kuumwa goti akaiingiza stoo Magomeni, akaifunika kwa turubai, na haikutoka tena mpaka mwezi uliopita mama mkubwa aliponiambia, "Mwanangu, njoo uchukue kitu cha mjomba wako, nyumba inavuja." Nimeileta kwangu Tegeta kwa Kirikuu.

Hali ilivyo:
Injini inazunguka, kiki ina uzito mzuri. Haina betri, umeme unatoka kwenye magneti, na kuna pointi (si za kuhesabu, ni kile kiswichi kinachofunguka ili plagi ipige moto), haina CDI, yaani kiboksi cha elektroniki cha kuwashia. Pampu ya oili ilishang'olewa zamani, kwa hiyo oili inachanganywa kwenye petroli. Fundi wa boda wa mtaani kwetu ameipiga kiki kama nusu saa, ameweka plagi mpya, haikukohoa hata mara moja. Amesema injini imekufa, ninunue ya Kichina nipachike.

Sitaki kupachika injini nyingine. Nataka hii ilie kama ilivyokuwa inalia. Nianzie wapi?

---

SpanaKumi

Mkuu pole na hongera. Maswali kabla hatujaenda mbali:
1. Baada ya hizo kiki zote, plagi ikitoka ni kavu au imelowa?
2. Ukiilaza plagi kwenye kichwa cha silinda ukapiga kiki, moto unaonekana? Rangi gani?
3. Kitufe cha kuzimia bado kipo kwenye usukani?

Hilo la 3 usilidharau. Kwenye magneti za pointi kitufe cha kuzimia kinapeleka umeme kwenye bodi. Kikishika kutu kwa ndani kinazima injini muda wote, na utabadilisha plagi mpaka uchoke. Chomoa waya wake kabisa, kisha angalia moto tena.

---

Boda wa Mwenge

Kaka usijitese. Chukua CDI na koili ya boda, weka na kabureta ya boda, mambo yaishe. Spea zimejaa Kariakoo. Hizi za zamani pointi zake utazipata wapi?

---

Mzee wa Plagi

Kijana wa Mwenge, nia yako njema, ila nikupinge kwa faida ya wote watakaosoma huu uzi.

CDI ya boda inataka koili yake ya kuchaji na sensa yake pale kwenye magneti. TY ina sumaku, koili na pointi zinazofunguka kwa kamu, ile nundu inayozunguka na injini. Ukichukua kiboksi tu ukakiunganisha, hakuna kitakachokiambia kipige moto saa ngapi. Na kabureta ya boda imepangiwa injini inayovuta hewa mara moja kila mizunguko miwili. Hii inavuta kila mzunguko, na inavuta petroli yenye oili ndani. Jeti, vile vitundu vya kupimia petroli, hazifanani. Utaiwasha kwa bahati, halafu itakula pistoni.

Sasa wewe Mpanda Kokoto. ACHA KUPIGA KIKI. Pikipiki iliyolala miaka 14 haipigwi kiki kwanza, inachunguliwa kwanza. Ringi zimekaa sehemu moja muda wote huo, na ukuta wa silinda unaweza kuwa na kutu nyembamba kama unga. Kila kiki kavu inakwangua.

Fanya hivi. Toa plagi, mimina oili ya kuchanganyia kijiko kimoja cha chakula, acha usiku kucha. Asubuhi toa egzosi. Kwenye injini hizi tundu la moshi linakupa dirisha la bure: unamwona pistoni kwa tochi bila kufungua silinda. Zungusha taratibu kwa mkono, angalia mikwaruzo, angalia kama ringi inarudi ukiibonyeza kidogo kwa kijiti. Ukiwa hapo hapo, angalia na ndani ya egzosi yenyewe. Halafu fungua boksi la filta ya hewa.

Usiruke hatua. Na usibadilishe vitu viwili kwa pamoja, maana ikiwaka hutajua kilichokuwa kinaumwa, na kesho kitarudi.

---

Mpanda Kokoto

Nimerudi wakuu. Mzee wa Plagi, shikamoo.

Egzosi ilikuwa imezibwa. Nyigu wale wa matope walijenga ndani ya bomba la nyuma, vyumba vitano vimepangana kama vibuyu vidogo, udongo umekauka kama tofali. Nimechokonoa kwa nondo ya 6 na kukung'uta chini ya mwembe, umetoka karibu kikombe kizima cha udongo. Ndani ya vyumba viwili kulikuwa na buibui wakavu waliowekwa akiba na nyigu. Injini ya namna hii isipotoa moshi haiwezi kuvuta hewa mpya, kwa hiyo hata moto ungekuwepo isingewaka.

Filta ya hewa: ile sponji imeoza. Nilipoigusa ikawa unga wenye gundi, rangi ya tende. Vipande vingine vilishafika mdomoni mwa kabureta. Nimesafisha boksi lote na nimekata sponji mpya.

Silinda: pistoni ana mistari midogo ya kawaida, ringi inacheza. Hapo moyo wangu ulitulia.

Plagi ilikuwa kavu kabisa.

Moto: mara ya kwanza hakuna. Nimechomoa waya wa kitufe kama alivyosema SpanaKumi, na moto ukaonekana, ila ni mwembamba, wa njano, na unakuja kiki moja katika tatu. Kumbe kitufe kilikuwa na tatizo na kitu kingine pia kina tatizo.

---

Binti Pwani

Salamu kaka. Baba yangu ni fundi wa mashine za boti Kunduchi, nimekulia kwenye karakana yake na sasa nafanya naye kazi. Nimemsomea uzi wako.

Anasema moto wa njano unaokatikakatika kwenye pointi mara nyingi ni vitu viwili: uso wa pointi umeota ukungu wa kutu, na kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme kinachozuia pointi zisitoe cheche, imechoka. Hewa yetu ya chumvi inamaliza zote mbili hata kama pikipiki haitembei. Dalili ya kondensa mbovu: zima taa karakana, piga kiki, chungulia kwenye tundu za gurudumu la magneti. Ukiona pointi zenyewe zinatoa cheche kubwa nyeupe kila zikifunguka, kondensa haifanyi kazi yake. Umeme unaotakiwa kwenda kwenye plagi unaungulia hapo.

Pointi usizisugue kwa msasa wa mbao, punje zinabaki. Tumia kifaili chembamba, halafu pitisha kipande cha kadi nyeupe kilicholowa petroli safi mpaka kitoke bila weusi. Upenyo uwe milimita 0.35, upime kwa fila geji wakati kamu imefungua pointi hadi mwisho.

Kondensa usihangaike kutafuta ya TY. Ya gari la zamani la pointi, kama Peugeot 404, inafaa, yenye mikrofaradi 0.2 hadi 0.3. Unaifunga nje jirani na koili, unaiunga sambamba, bodi yake inagusa chuma cha pikipiki. Ya zamani iondoe.

Jambo moja la kukuonya kuhusu plagi. Watu wakikosa plagi ya milimita 14 kwenye maduka ya boda wanakuja kununua ya mashine ya boti. Uzi unaingia vizuri, lakini plagi nyingi za boti shingo yake ni fupi. Yako inataka shingo ndefu. Ukiweka fupi, moto unawakia ndani ya shimo badala ya ndani ya chumba, na uzi uliobaki wazi unajaa masizi. Fundi wa mtaani kwenu alikuwekea ipi?

---

Mpanda Kokoto

Dada nimeitoa nikaipima. Urefu wa shingo yake ni milimita 12.7. Ile ya zamani aliyoacha mjomba ni 19. Asante sana, hilo peke yangu nisingeligundua.

---

SpanaKumi

Huyu dada apewe maua yake. Miaka yote nafundisha vijana boda na hilo la shingo sijawahi kulitaja.

---

Mpanda Kokoto

Taarifa ya Jumamosi.

Kondensa nimeipata Gerezani kwa mzee anayeuza vitu vya magari ya zamani, bei ya chakula cha mchana. Pointi nimesafisha, kadi ya nne ndiyo ilitoka nyeupe. Moto sasa ni wa bluu, mnene, unasikika ukipasuka "tak" kila kiki. Nilikaa pale sakafuni nikapiga kiki kama mara kumi zaidi ya ilivyohitajika, kwa raha tu ya kuuona.

Kisha kabureta. Petroli ya mwaka 2011 haikuwa petroli tena. Sehemu nyepesi zote zilishapaa, kilichobaki chini ya bakuli la boya ni ulojo wa kahawia unaonuka kama vanishi. Jeti kubwa ilikuwa na njia. Jeti ndogo, ile ya kuwashia na silensa (injini ikinguruma taratibu bila kupewa mafuta), nilipoiinua kuelekea juani sikuona mwanga. Nimeiloweka kwenye petroli mpya usiku kucha, halafu nikachukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa spika nikaupitisha taratibu. Sikutumia sindano wala waya wa chuma, kwa sababu shaba ni laini na haipanui tundu. Nilipoinua tena juani nikaona nukta ya mwanga, duara kamili, ndogo kama ncha ya kalamu.

Tangi liko kwa fundi linasafishwa. Kwa majaribio nimetundika chupa ndogo ya mafuta kwenye usukani kwa mpira wa petroli. Mchanganyiko mpya: oili mililita 30 kwa lita 1.

Choki juu, mkono wa mafuta umefungwa, kiki ya tatu IMEWAKA. Mlio ule ule wa utotoni. Imekaa kama sekunde kumi.

Tatizo lililobaki: ikiwa na choki inanguruma. Nikishusha choki, inapanda sauti yenyewe kama imepewa mafuta, halafu inakufa. Nimeongeza na kupunguza skrubu ya hewa, haibadiliki.

---

Boda wa Mwenge

Kaka hongera, nimefurahi kweli. Nakubali, ule ushauri wangu wa CDI haukuwa wenyewe. Hiyo ya kupanda sauti kisha kufa si jeti bado chafu?

---

Mzee wa Plagi

Inawezekana, lakini sikiliza dalili. Jeti ikiziba tu, injini inadhoofika na kufa kimya. Ikipanda sauti yenyewe bila kupewa mafuta, maana yake kuna hewa ya wizi inaingia baada ya kabureta. Mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo, mzunguko unapanda, kisha moto unakata. Choki inaficha tatizo kwa sababu inaongeza petroli.

Hewa inapita sehemu tatu. Mpira unaounganisha kabureta na silinda: ukunje kwa mkono uone kama una nyufa. Gasketi ya kikasha cha vile vibapa vya chuma vinavyofungua na kufunga njia ya hewa. Na sili za krenki, zile pete za mpira zinazoziba pale mhimili wa injini unapotokea, kulia na kushoto. Kwa miaka 14 hizo sili zimekaa kavu, mdomo wake umekuwa mgumu kama kwato.

Sili ya upande wa klachi ikifa, injini inanyonya oili ya gia, moshi unakuwa mweupe mzito na oili inapungua. Ya upande wa magneti ikifa, inanyonya hewa kavu. Hakuna moshi, hakuna kinachovuja, unazunguka mwezi mzima ukilaumu kabureta. Dalili zako zinaelekea huko.

Na tafadhali: usiiendeshe hivyo hata kidogo. Mchanganyiko mkavu maana yake na oili ni kidogo, pistoni atashika. Ikipanda sauti na kukataa kuzima, ziba mdomo wa kabureta kwa kiganja au vuta choki.

---

Binti Pwani

Baba anasema ilete Kunduchi, tutaipima kwa upepo. Mashine za wavuvi wanaochanganya oili ni ndugu za hiyo pikipiki: sili zile zile za krenki, magonjwa yale yale. Mafundi wa boda siku hizi hawakutani nazo, ila sisi tunazifungua kila wiki.

---

Mpanda Kokoto

Wakuu, nimalizie hadithi.

Jana nimeshinda Kunduchi. Mzee alinipokea, nikamsalimia, akaniitikia huku mkono ukiwa tayari kwenye kabureta. Mpira ulikuwa mzima. Akatoa kabureta, akaziba njia ya hewa kwa kizibo cha mbao kilichofungwa mpira wa baiskeli, akaziba na tundu la moshi vivyo hivyo. Kwenye tundu la plagi akaweka kipande chenye geji na valvu ya tairi. Pampu ya baiskeli, taratibu, mpaka psi 6. Hakuruhusu izidi hapo, anasema ukijaza sana unaisukuma sili nzima itoke na hapo umeharibu mwenyewe. Injini ya namna hii isiyovuja inatakiwa kushika upepo kwa dakika kadhaa. Ya kwangu mshale ulishuka hadi sifuri kabla sijamaliza kuhesabu kumi.

Akachovya brashi ya rangi kwenye maji ya sabuni akaanza kupaka. Gasketi ya kichwa, kimya. Chini ya silinda, kimya. Kikasha cha vibapa, kimya. Gurudumu la magneti tulilitoa kwa pula ya uzi wake, na hapa alikuwa mkali: nyundo marufuku, maana inapinda krenki na kuua sumaku. Kabla ya kulegeza sahani ya koili na pointi alichora mstari kwa msumari kati ya sahani na bodi ya injini, ili majira ya moto yarudi pale pale.

Akapaka sabuni kuzunguka krenki. Povu likainuka lote kwa pamoja, mapovu makubwa makubwa kama ya mtoto anayepuliza. Binti yake akasema, "Huyo hapo."

Sili ilitoka kwa kutobolewa skrubu ndogo na kuvutwa. Mdomo wake ulivunjika mkononi kama biskuti. Kwenye uso wake kuna namba tatu: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Hizo ndizo unazopeleka kwenye duka la beringi, huhitaji kutaja jina la pikipiki. Yeye alikuwa nayo kwenye kopo. Akaipaka grisi mdomoni, akaisukuma iingie sawasawa kwa soketi inayolingana nayo, akigongagonga kidogo kwa kipande cha mti. Ya upande wa klachi ilishika upepo tulipopima tena, lakini ni ya umri ule ule, kwa hiyo nimeiwekea miadi mwezi ujao.

Psi 6, dakika tano, mshale haujasogea.

Tukarudisha kila kitu. Choki, kiki ya pili, imewaka. Nikaacha ipate joto nusu dakika, nikashusha choki. Ikabaki. Ikatulia kwenye silensa, pop, pop, pop, taratibu hata unaweza kuhesabu. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu walisogea kuitazama. Mzee akaweka kiganja nyuma ya egzosi, akasikiliza, akageuza skrubu ya hewa robo mzunguko, akanipa usukani.

Nimempigia simu mama mkubwa nikaiweka simu karibu na egzosi. Hakusema kitu kwa muda, kisha akasema, "Ndiyo yenyewe. Alikuwa akiingia nayo getini saa hizi hizi."

---

Boda wa Mwenge

Machozi yamenilenga aisee. Swali la mwisho kaka: ukiwa huiendeshi wiki mbili tatu unafanyaje isirudi ilikotoka?

---

Mpanda Kokoto

Mzee kaniambia hivi: funga koki ya mafuta injini ikiwa inanguruma, iache ijizime yenyewe, ili bakuli la boya libaki tupu. Kisha kitambaa chenye oili mdomoni mwa egzosi, kwa sababu ya nyigu. Na kiki moja ya taratibu kila wiki, plagi ikiwa ndani, umalizie pale inapokuwa nzito, maana hapo tundu la moshi limezibwa na pistoni na unyevu hauingii. Mchanganyiko usizidi mwezi kwenye dumu.

---

SpanaKumi

Hiyo ya kuacha kwenye uzito ni dhahabu. Sasa tunaiona lini?

---

Mpanda Kokoto

Tangi linatoka Alhamisi. Jumapili saa moja asubuhi nitakuwa Boko kwenye machimbo ya zamani, upande ule wenye mawe makubwa, kabla jua halijawa kali. Binti Pwani na mzee wamesema watakuja. Mzee wa Plagi, ukikubali nitakufuata nyumbani na gari. Mwenye kofia ngumu ya akiba aje nayo.

---

Mzee wa Plagi

Nitakuwa tayari saa kumi na mbili na nusu. Nakuja na plagi mbili za shingo ndefu.